Visu Vyangu Havirithiwi

Hospitalini, Karatu,
mwisho wa masika.

Mdogo wangu Naomi, Mama Elisha,

Pokea salamu kwanza, maana mama yetu alitufundisha kusalimiana hata tunapokwenda kugombana, na leo nina ugomvi nawe. Goti lako limepata nafuu? Mtama umekomaa, au ndege wameuwahi? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja bado anavunja zizi?

Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee. Baridi ya huku haijawahi kunizoea, wala mimi sijaizoea. Ukungu hushuka asubuhi kutoka msitu wa Ngorongoro, ukalala juu ya ngano na mahindi hadi jua lipande, na vidole vyangu, vilivyonilisha maisha yangu yote, siku hizi vinataka kuota moto kabla ya kushika sindano. Wifi yako Dorika hajambo, ila anakohoa. Sabuni hatuioni. Sukari tunaisikia tu kwamba imefika Arusha. Glovu za upasuaji tunazifua, tunazichemsha na kuzianika, na zikitoboka tunaziziba kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Ndugu wa mgonjwa huja na kuni zao, la sivyo hatuna moto wa kuchemshia vyombo. Hiyo ndiyo hospitali ambayo huko nyumbani mnadhani nimeketi ndani yake kama chifu.

Barua yako nilipewa na dereva wa lori la vitunguu. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi, nikaisoma tena. Nitayarudia uliyoyasema, usije ukadai kwamba sikukuelewa. Unasema mwanao Elisha amerudi Kisiriri bila kazi, na kwamba hali wala hasemi na watu. Unasema wazee wa ukoo wamekaa, wakaamua kwamba mjomba aliyemsema vibaya mpwa wake mbele ya serikali hana mahali katika kiwanja cha mama yake, akiwa hai wala akiwa maiti. Na unasema kwamba njia moja imebaki: kabla Mganga Mkuu wa Wilaya hajalifunga shauri, niende Mbulu nikayageuze maneno yangu. Nikiyageuza, Elisha atarudishiwa kazi, nami nitaruhusiwa kujenga karibu na kaburi la mama.

Jibu langu ni hapana.

Ningeweza kuishia hapo nikaokoa karatasi. Lakini wewe ni mtoto wa mama yangu na hukuwapo. Umesikia kwa Elisha peke yake, na Elisha tangu utotoni anajua kusimulia.

Wewe na mimi tumelelewa katika desturi moja. Kwa Wanyiramba mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba. Ng'ombe wa mjomba ni wa mpwa, na mkuki wa mjomba ni wa mpwa. Sijawahi kuipinga desturi hiyo, nami sikuzaa mtoto wa kiume wa kunitia majaribuni. Elisha alipomaliza mafunzo ya Mganga Msaidizi wa Vijijini akapangiwa hapa kwetu, nilifurahi kuliko wewe. Dorika alichinja jogoo. Wanyiramba wenzetu wanaofanya kazi katika mashamba ya kahawa huko Oldeani walishuka siku ya Jumapili kuja kumtazama, kama watu wanaokuja kumtazama bibi harusi. Wakampa jina siku ile ile: Mwenye Visu.

Nikawaambia, “Visu vina mwenyewe, na mwenyewe hajafa.”

Wakacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Kitundu. Huyu Kitundu alikuwa mkata matawi ya mikahawa, mtu wa upande wetu wa Iramba, mfupi, mwenye mdomo mwepesi. Alioa kwa Wairaqw wa Kansay, mke wake anaitwa Paskalina. Kitundu akaniambia, “Daktari, wewe nenda kaote jua. Mpwa akishika, ni wewe umeshika.”

Maneno hayo yakumbuke, maana ndiyo yaliyomuua.

Sasa nitakueleza habari ya mtu mwingine, wala usikasirike ukadhani ninakwepa. Yule daktari wa Kiingereza aliyenifundisha kazi aliponiaga aliniachia visu vyake na kitabu kimoja. Mchwa walikula jalada na kurasa za mwanzo, hivyo jina la mtu anayesimuliwa humo silijui mpaka leo, maana kurasa zilizobaki zinamwita Mpasuaji tu. Alikuwa mpasuaji wa hospitali kubwa ya London, zamani sana, kabla ya dawa ya usingizi. Alizaliwa na mchungaji maskini wa kanisa la kijijini. Alipopata ujana alipelekwa mjini kwa mjomba wake, mpasuaji wa hospitali hiyo, akawa mwanafunzi wake. Naam, Naomi, kwa mjomba wake. Wazungu nao walikuwa na mambo haya. Enzi zile huko kwao mtu hakupewa cheo cha mpasuaji wa hospitali kwa kuwa amewashinda wenzake. Alikipata kwa kuwa mjomba wake, au baba yake, au baba mkwe wake, alikuwa nacho kabla yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutisha. Mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, akiwa macho, na chini ya meza waliweka sanduku la unga wa mbao ili linywe damu. Koti la kazi halikufuliwa. Kadiri lilivyokakamaa kwa damu ndivyo mwenyewe alivyoheshimiwa. Maiti za kujifunzia walizinunua kwa wezi waliofukua makaburi ya maskini. Madaktari wa dawa za kunywa waliwadharau wapasuaji, wakawaita Bwana Fulani, wala si Daktari, kama vile wengine hapa wanavyonikumbusha kwamba mimi ni Daktari Msaidizi tu. Lakini mtu huyu alikuwa na mikono. Alifunga mishipa mikubwa ya damu ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa kabla yake. Alichunguza ugonjwa wa ngiri, yaani utumbo unaopenya ukatokeza kwenye kinena, akaandika juu yake kwa uangalifu sana, na mengi niliyofundishwa mimi juu ya ngiri yalitoka kwake. Wanafunzi walijaa chumbani mwake mpaka madirishani. Akatajirika, akaitwa kutibu wafalme.

Wakati wa mchana, vyombo vilipokuwa vikichemka, nilimketisha Elisha kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji anisomee kitabu hicho. Nilitaka Kiingereza chake kinyooke, na nilitaka ajue kazi hii imetoka wapi. Alisoma vizuri. Sauti yake unaijua.

Siku moja aliruka akasimama na kitabu mkononi. “Mjomba, sikia! Amemkata mtu mguu kabla wenzake hawajamaliza kuvua kofia!”

“Soma na chini yake.”

“Chini yake ni habari za mazishi tu.”

“Mazishi ya nani?”

Akatazama tena. “Ya mwenye mguu, mjomba.”

“Basi hizo ndizo habari za mguu. Keti.”

Akaketi, akacheka, nami nikacheka. Sitaki udhani kwamba nilimchukia. Alikuwa na vidole vyepesi, aliwachekesha wagonjwa mpaka wakasahau sindano, na watoto walimfuata uani. Alikosa jambo moja tu. Hakupenda kungoja. Kila alipoambiwa angoje, aliona kwamba ametukanwa.

Asubuhi moja likaja gari la hifadhi kutoka Ngorongoro. Mchungaji wa ng'ombe wa Kimaasai alikuwa amepigwa pembe na nyati karibu na ukingo wa kreta, naye hakuweza kubebwa. Nilifunga vyombo vya kushonea, nikamwita Elisha mlangoni, muuguzi akisikia.

“Majipu na vidonda ni vyako,” nikamwambia. “Chochote cha tumbo, au kilicho karibu na tumbo, ningoje.”

“Mjomba, unaniambia kama mtoto.”

“Nakuambia kama mpwa. Mtoto ningemfungia mlango.”

Nikapanda gari. Huko juu palikuwa na ukungu mzito hata hatukuona ng'ombe mpaka tulipowagusa. Yule mchungaji alilazwa juu ya ngozi, amejitanda shuka lake, paja limechanika, lakini mshipa mkubwa ulikuwa salama. Aliniambia, “Shona, lakini usiongee sana. Nyati naye aliongea sana.” Wenzake wakacheka. Nilipokuwa nikishona, mzee aliyemshika kichwa akaniuliza, “Daktari, huku umekuja. Kule chini umemwacha nani?”

“Mtoto wa dada yangu.”

“Basi hukuacha pengo,” akasema, na wote wakatikisa kichwa kukubali.

Tulichelewa njiani kwa sababu ya utelezi. Alasiri nilipofika getini nilimkuta Paskalina ameketi chini, kwenye udongo mwekundu, kanga yake imelowa. Hakuwa analia. Alinitazama akasema neno moja tu kabla ya salamu: “Nilimwambia akungoje.”

Sasa sikiliza vizuri, Naomi. Haya nitakayoyasema nimeyasikia kwa Paskalina, kwa muuguzi, na kwa Elisha mwenyewe, na wote watatu hawakupingana.

Kitundu aliletwa na wenzake wa shambani juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa na uvimbe kwenye kinena. Wenzake walikuwa wameukanda kwa majani ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu na kuchubuka, hata ukafanana na jipu. Alikuwa ametapika njia nzima, matapishi ya kijani. Elisha aliuminya uvimbe, akasema, “Jipu hili limeiva.”

Paskalina akamwambia, “Hilo si jipu. Analo siku nyingi. Akilala hurudi ndani.”

“Leo halirudi, mama.”

“Ndiyo maana tumemleta hospitali. Tumngoje mzee.”

Hapo Kitundu, katika maumivu yake yote, akamgombeza mkewe mbele ya watu. “Nyamaza, mwanamke wa Kansay! Kwenu hamjui mambo haya. Mpwa ni mjomba mwenyewe. Mwenye Visu, pasua, nimeumia.”

Paskalina akajibu, “Kwetu hatujui mpwa. Kwetu tunajua daktari.”

Wenzake wa Iramba wakamcheka Paskalina. Muuguzi akamkumbusha Elisha niliyoyasema mlangoni. Elisha akatazama wale wanaume, nao wakamtazama, kila mmoja akingoja mrithi wa mjomba afanye kazi ya mjomba. Akaenda kwenye kabati langu. Hakuchukua kisu cha majipu. Alichukua kisu changu, kile chenye mpini wa pembe.

Halikuwa jipu. Ilikuwa ngiri iliyonaswa, utumbo umebanwa usiweze kurudi ndani. Alipokata hakukutoka usaha, ulitoka uchafu wa tumbo, kwa maana kisu kilikuwa kimeingia katika utumbo wa mtu aliye hai.

Mimi nilifanya yaliyobaki. Nilimlaza kwa etha ya usingizi, nikapanua, nikashona utumbo kwa uzi niliouchemsha mwenyewe, nikaosha, nikaosha tena. Elisha alisimama ukutani. Nilimwambia ashike taa ya mkono, akashika. Ule utumbo niliutazama vizuri sana, nikijua kwamba iko siku nitaulizwa. Haukuwa umeoza. Ulikuwa mwekundu, unang'aa, na ulikuwa na jeraha moja, nalo lilikuwa la kisu.

Kitundu hakufa upesi. Tumbo lilivimba, homa ikapanda, na dawa tuliyohitaji haikuwapo Karatu, wala Mbulu. Aliniita karibu na mdomo wake. Nilidhani anataka maji. Akasema, “Daktari, usimkaripie mpwa wetu. Mimi ndiye niliyemwambia apasue.” Akafa akimtetea. Wenzake walitaka kumsafirisha mpaka Iramba akazikwe kwao, wakatafuta petroli mji mzima, haikupatikana. Tukamzika hapa, katika makaburi ya misheni, mtu wa kwetu peke yake kati ya watu wa Mbulu na Rhotia.

Baadaye wakaja wakubwa wa afya kutoka wilayani kuuliza. Kabla ya kikao, mmoja wao, kijana wa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, alinivuta pembeni barazani.

“Mzee, jambo hili lisitutie aibu sote. Wewe sema utumbo ulikuwa umekwisha oza alipofika. Mtu wa namna hiyo hufa tu. Nani atabisha?”

“Haukuwa umeoza.”

“Najua, mzee. Nasema useme.”

“Kijana angengoja, ningeurudisha ndani, na yule mtu leo angekuwa anapalilia mahindi yake.”

“Ni mpwa wako, mzee.”

“Hilo nalijua kuliko wewe.”

Nilipoulizwa, nilisema. Nilisema alichoambiwa mlangoni, alichoambiwa na Paskalina, na nilichokiona kwa macho yangu. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilisema pia kwamba ana mikono mizuri na kwamba marehemu mwenyewe alimtaka apasue. Hayo Elisha hakukueleza, maana hayamfai katika simulizi yake. Alinitazama muda wote kama mtu aliyepigwa na yule aliyekuwa akimkimbilia.

Tulipotoka nje akaniambia, “Mjomba, ungekuwa baba yangu usingesema vile.”

Nikamjibu, “Ningekuwa baba yako ningesema vile vile, ila ningelia.”

Hakuelewa kwamba nilikuwa nimekwisha lia. Si kazi yake kulijua hilo.

Narudi kwa yule Mwingereza wa kitabuni, maana sura yake ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Alipozeeka alimwingiza mpwa wake katika hospitali ile ile, katika cheo kile kile. Mpwa huyo akampasua mwendesha mkokoteni aliyekuwa na jiwe kwenye kibofu. Kazi ambayo mjomba wake angeimaliza upesi, yeye aliichokora na kuichokora, mgonjwa amefungwa mezani akiomba afunguliwe, wanafunzi wakitazamana, na mpwa akilaumu maumbile ya mgonjwa. Mtu akafa. Habari zikaandikwa gazetini, mpwa akashitaki gazeti. Mjomba akaitwa mahakamani. Mtu yule aliyejua kupasua kuliko wote katika nchi yake, aliyejua kabisa kilichotendeka, akasimama mbele ya hakimu akaapa kwamba mpwa wake ni mpasuaji hodari. Mahakama iliamini nusu ya maneno yake. Mpwa akabaki na kazi yake, akaendelea kupasua watu. Mjomba alipokufa alizikwa kwa heshima, akachongewa sanamu ya jiwe jeupe kanisani. Ya mke wa mwendesha mkokoteni kitabu hakisemi lolote.

Sura hiyo Elisha aliisoma. Alinisomea mwenyewe, pale kwenye benchi, kabla ya Kitundu. Alipofika mwisho alifunga kitabu akasema, “Huyu alikuwa mjomba kweli.” Sikumkemea. Nilidhani anatania.

Basi waambie wazee wa ukoo hivi. Mimi sitachongewa sanamu, na sasa nimenyimwa hata udongo wa mama yangu. Nimesikia. Lakini wasiseme kwamba nimeivunja desturi. Ng'ombe wangu walioko kwako ni wa Elisha. Awachukue leo, asingoje nife. Shamba la mtama ni lake. Mkuki wa babu ulioko darini ni wake. Kila kitu ambacho desturi inampa mpwa, nampa kwa mkono wangu. Visu sivyo. Mrithi mbaya wa ng'ombe humuua ng'ombe, na ng'ombe ni wake. Mrithi mbaya wa visu humuua mume wa mtu. Nimevipeleka katika kabati la hospitali, na ufunguo ameshika muuguzi mkuu. Atakayefaulu mtihani atavitumia, awe Mwiraqw, awe Mmaasai, awe Mgogo. Kabati halina wapwa.

Sasa nakuja kwenye kilichoniuma kuliko maneno yote ya wazee. Baada ya kikao kile niliomba gari nikaenda Kansay. Paskalina amerudi kwa baba yake na watoto. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Alinipa kigoda, akaendelea kupepeta.

“Umekuja peke yako?”

“Peke yangu.”

“Mwenye Visu yuko wapi?”

“Amekwenda kwao.”

“Alipita njia gani? Maana hapa hakupita.”

Sikia, Naomi. Mwanao alipanda lori la kwenda Singida akiwa na sanduku lake na nguo zake zilizopigwa pasi na wifi yako, akaja kwako akakwambia mjomba amemwangamiza, na hakwenda kumpa pole mwanamke aliyemfanya mjane. Huko unaniambia kwamba hali wala hasemi. Paskalina anakula, kwa sababu ana watoto, na anasema, kwa sababu hakuna mwingine wa kumsemea. Kama ningeambiwa kwamba Elisha amekwenda Kansay akapiga magoti pale uani, hata kama angefukuzwa kwa mwiko, pengine barua yako ingenikuta na moyo mwingine. Maneno yangu nisingeyabadilisha. Lakini ningekuandikia kwa upole.

Nilipotaka kuondoka nikamwambia Paskalina jambo jingine lililonipeleka. Kabla ya barua yako nilikuwa nimekwisha pata fununu ya uamuzi wa wazee, kwa vibarua wa Oldeani wanaopokea habari za nyumbani kabla yangu. Nikamwambia, “Wazee wa kwetu hawanitaki. Kando ya Kitundu pana nafasi, na mchungaji wa misheni amekubali. Lakini siwezi kulala kando ya mume wa mtu bila mwenyewe kuniruhusu.”

Akapepeta, makapi yakaruka. Kisha akasema, “Lala, mzee. Yeye alikuheshimu. Lakini mpwa wako asije kulia pale kabla hajaja kulia hapa.”

Huo ndio ujumbe wa Elisha, nami nimekusafirishia bila kugeuza neno. Mbulu siendi. Shauri lifungwe kama lilivyo. Lakini akija Karatu, hata akija kesho, sitamuuliza kitu. Nitachukua fimbo yangu na kwenda naye mpaka kwenye mlango wa Paskalina, na akipiga magoti nitasimama nyuma yake. Baada ya hapo tutaona kama anaweza kuanza tena, kwa kufua bendeji.

Msalimie shangazi yetu mwenye upofu, mwambie kikohozi cha Dorika ni cha baridi tu, asianze kuota ndoto. Msalimie mume wako, shemeji yangu, ambaye najua hakuitaka barua ile iandikwe. Msalimie mwinjilisti aliyekuandikia; mwambie ana mwandiko mzuri na ajifunze kuweka nukta. Wazee wa ukoo wasalimie kila mmoja kwa cheo chake, wasije wakasema pia kwamba nimewanyima heshima.

Nikifa kabla Elisha hajaja, msihangaike kutuma gari kunichukua, hata wazee wakibadili nia. Kitundu alikosa petroli ya kurudi Iramba. Mimi siitaki.

Kaka yako, mtoto wa mama yako,
Zefania